Gari Lililokuwa Likiugua Ziwani Tu

Gari likizima kwenye foleni ya Ubungo, dereva anapigiwa honi, anatukanwa kidogo, anawasha tena na safari inaendelea. Likizima kwenye mteremko wa kushuka Kasanga ni habari nyingine kabisa. Usukani unakuwa mzito papo hapo. Breki inakubali mara moja au mbili kwa akiba iliyobaki kwenye busta, halafu pedali inagoma. Mguu unasukuma na gari halisikii. Mbele kuna kona, chini kuna Ziwa Tanganyika, na nyuma yako huenda kuna lori la saruji linaloelekea bandarini. Kwa hiyo dereva wa njia hii akiniambia sailensi inasumbua, simwambii arudi kesho.

Sailensi ni ule mzunguko wa injini mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta. Kwenye gari dogo la petroli lililokwisha kupata joto, mshale hutulia mahali fulani kati ya 650 na 800 kwa dakika, na ukikaa ndani unasahau kama injini inaunguruma. Nimeshika spana kwa muda wa kutosha sasa, kwanza Sumbawanga na baadaye hapa nyumbani Kasanga, na kuhusu sailensi nina imani moja ambayo haijaniangusha. Gari la sailensi mbovu haliji gereji na ugonjwa mmoja. Linakuja na ugonjwa mmoja wa kwake na matatu ya mafundi waliotangulia.

Kwa asiyepajua, Kasanga ni bandari ya kusini kabisa upande wa Tanzania wa ziwa hili, wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa. Wajerumani walipaita Bismarckburg. Kutoka Sumbawanga ni kilomita 112 kupitia Matai, na katika kilomita hizo gari linashuka kutoka kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari hadi kama 770. Yaani asubuhi unaondoka Sumbawanga umevaa koti, hasa Juni na Julai, na mchana uko ufukweni jasho linakutiririka, umezungukwa na wanunuzi wa migebuka na dagaa. Abiria wanavua sweta. Injini nayo inapata mabadiliko yake, ila haina namna ya kuyasema isipokuwa kwa sauti.

Mabadiliko yenyewe ni ya hewa. Shinikizo la hewa Sumbawanga ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Huku ziwani pungufu ni chini ya sehemu moja ya kumi. Tundu lile lile la kupitishia hewa kwenye injini, bila kuguswa na mtu, linapitisha hewa nyingi zaidi Kasanga kuliko Sumbawanga. Tofauti inaweza kufika asilimia kumi na kitu. Shika hilo kichwani, litatufaa mbele.

Mzee aliyenifundisha kazi alikulia kwenye kabureta. Magari yake yalikuwa Land Rover 109 na Peugeot 504 za kubebea mizigo, na hilo la hewa alilijua bila kulisoma popote. Gari lililorekebishwa Kasanga likipanda uwandani lilianza kutoa moshi mweusi na kunywa petroli, kwa sababu kabureta iliendelea kumwaga mafuta ya hewa ya chini huku hewa ikipungua. Madereva wa zamani walikuwa na bisibisi kwenye dashibodi. Ukifika juu unasimama, unafungua boneti, unakaza skrubu ya mchanganyiko kidogo. Ukirudi chini unalegeza. Mzee alifanya hivyo kwa sikio tu. Alikuwa anafunga jicho moja, sijui kwa nini, na kuzungusha skrubu hadi injini ilipotulia, kisha anairudisha nusu ya nusu mzunguko. Alikuwa fundi hasa.

Ila aliturithisha pia tabia ya kung'oa themostati. Usimlaumu upesi. Land Rover yenye mzigo wa samaki inapanda kutoka ziwani kwa gia ya kwanza na ya pili, rejeta imejaa kutu, mfuniko wa rejeta haufungi sawasawa. Maji yasiyobanwa na mfuniko, ukiwa kwenye urefu wa Sumbawanga, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayasubiri 100. Gari linachemsha kabla ya kufika uwandani. Themostati ikikwama imejifunga ndiyo balaa kabisa, na spea ziko Mbeya au Dar es Salaam. Ukiing'oa ukaitupa, maji yanazunguka muda wote, gari linafika. Kwa injini ile na barabara ile, ilikuwa akili. Shida ni kwamba gari limebadilika, barabara imebadilika, na tabia imebaki pale pale. Hadi leo kuna gereji ambapo gari likichemsha hata mara moja, kitu cha kwanza kutolewa ni themostati, na anayeitoa hawezi kukwambia inafanya kazi gani.

Magari ya sindano za mafuta yalipoingia kwa wingi, Noah, Corolla, Carina na wenzao kutoka Japani, mzee aliyatazama kwa mashaka. Skrubu ya mchanganyiko haikuwepo. Kulikuwa na kompyuta, waya na masensa. Lakini ndani ya throto kulikuwa na skrubu moja ndogo inayozuia kisahani kisijifunge hadi mwisho, na kila fundi aliyezoea kabureta mkono wake ulikwenda pale moja kwa moja. Sailensi iko chini? Kaza skrubu. Gari linazima? Kaza tena. Skrubu ile imewekwa kiwandani na haikuwekwa kwa ajili ya sailensi. Kazi yake ni kuzuia kisahani kisikwaruze ukuta, basi.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mguu ukitoka kwenye mafuta, kisahani cha throto kinajifunga karibu chote. Injini hata hivyo lazima ivute hewa, la sivyo inazima. Hewa hiyo inapita kwenye njia ndogo ya pembeni, na mlango wa njia hiyo ni vali ya sailensi, ambayo kompyuta inaifungua na kuifunga kidogo kidogo mara nyingi kwa sekunde. Injini ikiwa ya baridi, mlango unafunguliwa zaidi ili mzunguko upande. Ikipata joto, unarudishwa. Ukiwasha AC, unaongezwa. Sisi watu wa Ufipa, uwanda huu wa Sumbawanga, tuna picha ya jambo hili ardhini mwetu. Malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo mababu walifulia chuma, urefu unaofika mita tatu hivi, hayakupulizwa kwa mivukuto. Moto wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu yaliyopangwa kuzunguka kitako. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, amefanya kazi kubwa ya kuchunguza ufuaji chuma wa huku. Fundi wa ilungu alijua kwamba tanuri halihitaji kupulizwa, linahitaji matundu yenye ukubwa unaostahili. Ukitoboa tundu lisilo la mpango, tanuri halijui kwamba umekosea, linavuta tu.

Injini nayo inavuta tu. Ikipata hewa pasipopangwa, kwenye mpira uliopasuka, kwenye gasketi iliyolegea, kwenye kisahani kilichoinuliwa na skrubu, inaitumia. Kompyuta inajaribu kurekebisha kwa kufunga mlango wake, na mlango ukifika mwisho, haina la kufanya zaidi.

Sasa nije kwenye gari lenyewe lililokuwa likiugua ziwani tu, Noah.

Ilikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, mama wa makamo, mwenye sauti ya sokoni na daftari ambalo halimtoki mkononi. Gari lilibeba abiria asubuhi na magunia ya dagaa jioni, au vyote kwa pamoja kama hakuna askari. Dereva wake, kijana mpole, aliniambia hivi: likifika Kasanga, mguu ukitoka tu kwenye mafuta, mshale unapanda hadi karibu 2,000, unashuka hadi 1,000, unapanda tena, unashuka tena, na gari zima linatikisika kama linakohoa. Likirudi Sumbawanga limepona.

"Fundi, kule juu wananiambia mimi ni mwongo," alisema. "Nikiwapelekea liko kimya. Yupo aliyesema nina mapepo ya ziwani."

Mama alikuwa hacheki. Alifungua daftari. Plagi mpya, zimenunuliwa. Pampu ya mafuta, imenunuliwa. Vali ya sailensi, ya mtumba, imeagizwa Mbeya. Sasa fundi mmoja alikuwa anataka kubadilisha kompyuta ya gari, na mama alitaka kujua kutoka kwangu kama akubali.

"Mama, usinunue kitu kingine chochote," nikamwambia. "Na ile vali ya zamani iko wapi?"

"Iko nyumbani, kwenye beseni. Mimi situpi kitu nilicholipia."

Nawaombea wateja wote wawe na tabia ya mama yule.

Ugonjwa unaotokea mahali pamoja na kupotea mahali pengine unakuwa umekufanyia nusu ya kazi. Vali mbovu haijui kama iko Matai au Kasanga. Waya uliokatika haujali ziwa. Kuna nini ziwani ambacho hakiko Sumbawanga? Hewa nzito zaidi, hilo la kwanza. La pili nililiona kwenye dashibodi. Gari lilikuwa limetoka kushuka, na mshale wa joto la injini ulikuwa umelala chini, karibu na alama ya baridi. Mchana, Kasanga, baada ya kilomita zaidi ya mia moja, injini ina baridi. Haiwezekani, isipokuwa kama hakuna themostati. Kwenye mteremko mrefu injini haifanyi kazi kubwa, upepo unapiga rejeta, na maji yanazunguka bila kizuizi. Inapoa hadi inasahau kama ilikuwa safarini.

Nilichukua katoni ya maji ya chupa nikaipasua, nikaiweka mbele ya rejeta, nikaacha gari liungurume. Huku mshale wa joto ukipanda polepole, ule wa mzunguko ulianza kupunguza fujo. Haukutulia, ila kupanda na kushuka kulipungua. Nikaitoa katoni, nikaacha feni ipige, na baada ya muda fujo ikarudi. Dereva alikuwa ameegemea mlango anatazama, na ile sura ya mtu aliyeitwa mwongo ilianza kumtoka.

Themostati ilieleza sehemu. Kompyuta iliona injini ni ya baridi, ikafungua mlango wa hewa, kama ilivyofundishwa. Lakini haikueleza kwa nini mzunguko ufike 2,000. Hewa nyingine ilikuwa inaingia.

Hapa nawasihi mafundi vijana. Kuna wanaotafuta uvujaji wa hewa kwa kumwagia petroli kwenye mipira injini ikiwa inaunguruma. Manifoldi ya moshi iko pale pale, moto wa kutosha kuwasha. Tumia maji kwenye chupa ya kupulizia. Ufa ukimeza maji, sauti inabadilika. Au tumia sikio. Mimi nina kipande cha mpira wa petroli, kama urefu wa mkono. Ncha moja naiweka sikioni, nyingine naitembeza kwenye kila maungio. Injini yote inanguruma, lakini kupitia mpira ule unasikia mahali padogo tu, na uvujaji unasikika kama mtu anayenyonya hewa kwa meno. Nilipita gasketi ya manifoldi, kimya. Mpira wa busta, kimya. Nilipofika nyuma, kwenye mpira unaotoka kwenye vali ya kupumulia injini kurudi kwenye manifoldi, nikausikia. Kwa macho ulikuwa mzima. Nikaushika kwa vidole, ulikuwa mgumu kama mti, na upande wa chini, usioonekana, ulikuwa na ufa uliofungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mtu alikuwa ameuona kabla yangu. Alifunga, akafunika, akalipwa.

Nikaubana mpira ule kwa koleo, kwa kitambaa ili nisiukate. Mzunguko ulishuka lakini haukufika kunakotakiwa. Bado kulikuwa na hewa ya tatu, na hiyo sikuhitaji sikio. Nilitoa mpira mkubwa wa hewa ulio mbele ya throto nikatazama kisahani. Kilikuwa kimesimama wazi kidogo, na ile rangi wanayopaka kiwandani kwenye skrubu ilikuwa imepasuka. Skrubu ilikuwa imekazwa mizunguko kadhaa. Mkono wa kabureta.

Nikamkalisha dereva, tukaanza kulipanga kutoka mwanzo, tukisoma tarehe kwenye daftari la mama. Gari lilianza kwa kuzima asubuhi za baridi Sumbawanga. Hicho ndicho kilikuwa ugonjwa wake wa kweli, na ilikuwa masizi tu: vali ya sailensi na koo la throto vimejaa uchafu mweusi, njia ya hewa imekuwa nyembamba. Fundi wa kwanza hakusafisha. Alikaza skrubu, gari likaacha kuzima, akalipwa. Lakini kwenye magari haya, kisahani kikijifunga hadi mwisho ndipo swichi ndogo ndani ya sensa ya throto inapoiambia kompyuta kwamba mguu umetoka kwenye mafuta. Kisahani kikiinuliwa, swichi haigusi. Kompyuta inadhani dereva bado amekanyaga. Haisimamii tena sailensi. Na kwenye mteremko, pale inapopaswa kukata petroli kabisa ili injini isaidie kuzuia gari, haikati. Ndiyo maana dereva alikuwa analalamika, kabla mshale haujaanza kupanda na kushuka, kwamba gari linasukuma na breki zinanuka zikifika Kasanga. Akabadilishiwa breki.

Fundi wa pili aling'oa themostati, kwa sababu gari lilichemsha siku moja kwenye mpando. Wa tatu alinunua vali ya mtumba, ambayo ilikuwa safi, kwa hiyo sasa hewa ya vali na hewa ya skrubu vikajumlishwa na mzunguko ukawa juu. Halafu mmoja, na huyu alikuwa anajua kidogo, akaona swichi haigusi. Badala ya kurudisha skrubu, aliizungusha sensa ya throto mpaka swichi ikagusa. Kompyuta sasa ikaambiwa mguu umetoka. Lakini mzunguko uko juu. Mguu umetoka na mzunguko uko juu maana yake, kwa kompyuta, ni kwamba gari liko mteremkoni, ikakata petroli. Mzunguko ukaanguka. Ulipofika chini, ikarudisha petroli, mzunguko ukaruka juu kwa sababu hewa ni nyingi, ikakata tena. Ndiyo ile 1,000 na 2,000.

Na Sumbawanga? Hewa ya kule ni nyepesi. Matundu yale yale yote, yakiwa wazi vile vile, hayakupitisha hewa ya kutosha kuufikisha mzunguko pale petroli inapokatwa. Sailensi ilikuwa juu kidogo, lakini imetulia. Fundi wa Sumbawanga hakuwa mwongo, na dereva hakuwa na mapepo.

Ugomvi wa namna hii, wa kidhibiti kinachosahihisha kupita kiasi hadi kinayumba, ni mzee kuliko gari lenyewe. Mwaka 1868 mwanafizikia wa Uskoti, James Clerk Maxwell, aliandika juu ya vidhibiti mwendo vya mitambo, akaonyesha kwa hesabu kwa nini vingine hutuliza mtambo na vingine huutia wazimu. Enzi hizo ni za mvuke. Meli yetu ya Liemba, iliyoingia ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen na ambayo Kasanga ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ilianza na injini za mvuke pia. Sijapata kumsikia fundi yeyote wa mtaani akimtaja Maxwell, na hakuna ubaya. Ila yeyote aliyekaa mbele ya mshale unaopanda na kushuka anajua anachokizungumzia.

Kutengeneza kwenyewe hakukuwa na maajabu. Kazi yote ilikuwa kurudi nyuma kwa mpangilio. Themostati mpya kwanza, kwa sababu bila joto la kawaida kipimo kingine chochote kinadanganya. Maji ya kisima yakamwagwa, yalikuwa na rangi ya chai, tukatia kulanti na kutoa hewa kwa kuacha injini iungurume mfuniko ukiwa wazi na hita imefunguliwa. Hewa ikibaki kwenye sensa ya joto la maji, kompyuta inasoma uongo na sailensi inapanda tena. Mpira wa kupumulia ukabadilishwa. Throto ikasuguliwa kwa dawa ya kabureta na kitambaa, siyo kwa msasa. Nimeona visahani vilivyosuguliwa kwa msasa mpaka vikaacha mwanya. Skrubu ikarudishwa mpaka kisahani kikagusa ukuta, kisha ikakazwa kidogo sana, kiasi cha kisahani kisikwame. Sensa ya throto nikaipima kwa mita na kipimo cha unene, nikaihamisha taratibu mpaka swichi ikagusa pale inapopaswa na kuachia pale inapopaswa.

Vali ya mtumba nikaitoa. Nikaomba ile ya kwenye beseni. Ilinuka dagaa, na ndani ilikuwa nyeusi tii, lakini nilipoisafisha mara ya kwanza, ya pili, ulimi wake ukaanza kuzunguka kwa uzito wake wenyewe kila nilipoipindua mkononi. Upande unaopitisha maji ulikuwa na kutu ya yale maji ya kisima. Nikaisafisha, nikaifunga na gasketi mpya.

Mwisho nikatafuta kiboksi cha kupimia kompyuta. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 huhitaji mashine yoyote: unaunganisha matundu yake yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha, na taa ya injini inakonyeza namba za makosa. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni ya upepo wa manifoldi, 41 ni ya throto. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko. Ilikonyeza mfululizo. Kompyuta ambayo mama alikuwa karibu kuibadilisha ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Kesho yake tulipanda hadi Sumbawanga na kurudi, mimi, dereva na mama, ambaye alisema halipi kitu asichokiona kwa macho. Kwenye mteremko nilimwambia dereva atoe mguu na asikilize. Injini ilikaza, gari likajizuia, breki aligusa kwenye kona tu. Chini kabisa, mbele ya njia ya bandarini, akasimama, akaweka gia huru. Mshale ulishuka hadi kama 750 ukabaki hapo.

Mama aliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaniuliza: "Na hela zangu za plagi na pampu na hiyo vali, fundi, atanirudishia nani?"

Sikuwa na jibu. Vali ya mtumba nilimsaidia kuiuza kwa mwenye Noah mwingine aliyekuwa anaihitaji kweli. Nyingine zilikwenda na maji.

Magari mapya yana mambo yake. Mengi hayana vali ya sailensi ya peke yake, throto inaendeshwa na mota, na ukiisafisha au ukitoa betri inabidi ifundishwe upya mahali pa kufungia. Asiyejua hilo anaosha throto leo na kesho anaambiwa ameua gari. Injini za D4 zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda hujaza masizi kwenye njia za hewa, maana petroli haipiti pale kuosha. Lakini hata hayo naanza nayo kwa maswali yale yale: linaumwa wapi, limeanza lini, nani alilishika kabla yangu na alifanya nini. Mteja anayejibu vizuri anaokoa pesa zake mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye gari, andika kila kilichofanywa na tarehe yake, dai spea ya zamani kila unapobadilishiwa mpya, hata kama inanuka, na muulize fundi kama gari lako lina themostati. Ukija gereji kwangu na tatizo la sailensi, lilete asubuhi kabla halijawashwa. Na kama huko njiani kuna mtu anakuja na bisibisi kuelekea kwenye ile skrubu ya throto, mshike mkono.